Picha Zilizobaki Njiani

Kwenye shughuli za wanawake wa Kiislamu hapa Tukuyu, mpiga picha ni mimi, Zakia. Mlangoni simu zote huingia kwenye kapu, maana ndani watu wanavua mitandio. Inayobaki ni yangu tu. Wananiamini kwa sababu picha zangu haziendi kwenye hifadhi ya kampuni yoyote mtandaoni. Zinakwenda kwenye kompyuta iliyopo chumbani kwangu, aliyoifunga mume wangu, Amri. Kwa hilo nilijivuna mno.

Jumamosi nilikuwa Kyimo, kwa bibi harusi Safina. Alikaa mkekani kafunikwa khanga gubigubi, na mama yake, aliyekuwa akiumwa mwaka mzima, akanyanyuka akacheza. Vigelegele vilipigwa mpaka masikio yakaniuma. Nilirekodi yote. Nyumbani nikafungua programu yetu ya kupeleka picha kwenye kompyuta, nikaona zinaanza kuhama, nikaiacha simu kwenye chaji nikaenda kupika. Asubuhi nilikuwa na shughuli nyingine na simu imejaa pomoni. Nikafuta kila kitu, hata zile zilizofutwa ambazo simu huzitunza pembeni kwa mwezi mzima. Kompyuta sikuitazama. Kiburi tu.

Jumanne mama yake Safina akafariki. Alhamisi Safina akanipigia.

"Dada Zakia, nataka kumwona mama akicheza."

Nikafungua kompyuta. Picha thelathini na nane tu: sahani, pazia, mapazi yenye hina. Nikazima, nikawasha. Nikazunguka chumba nikimwita Amri utadhani nyumba inaungua.

"Kioo kikizima, simu inailaza programu yetu," akasema taratibu, jambo lililozidi kunikera. "Ya kampuni iliyotengeneza simu inaachwa iendelee. Ya kwetu lazima uikodolee macho mpaka imalize. Si nilikwambia?"

"Simu nimenunua mimi! Nani kaipa ruhusa ya kunichagulia?"

Kweli Amri alikuwa ameniambia, nami nilikuwa namsikiliza huku nakata vitunguu. Majuto ni mjukuu.

Nikaenda Kyimo. Msibani sikutulia, nilikunja miguu nikaikunjua, nikafunga mtandio upya mara tatu. Mwishowe nikamwambia Safina ukweli wote. Heri angenitukana.

"Mimi sikumwona," akasema. "Nilikuwa nimefunikwa. Nilisikia vigelegele tu, nikajisemea nitamwona kwenye picha."

Akanigeukia.

"Basi nisimulie wewe, dada. Wewe ulikuwa mbele yake. Alianza vipi? Alikuwa anacheka?"

Nikafungua mdomo. Nilikumbuka chaji ilikuwa asilimia kumi na saba. Nilikumbuka nafasi ilikuwa inakaribia kwisha, na taa iliyokuwa nyuma yake ikiniharibia picha. Uso wake sikuukumbuka hata kidogo, kwa kuwa muda wote nilikuwa naangalia kioo cha simu.

Safina akasogea karibu ili anisikie vizuri.