Mpiga Picha wa Kumchekesha Wifi

Kitinda mimba wangu alipopata kazi ng'ambo, hakuniomba kitu cha kubeba ila picha moja ya familia. Halafu, akiwa anakunja mashati yake kitandani, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, baba alikuwa anachekaje?"

Nikamtolea picha zote za marehemu tulizo nazo: ya kitambulisho, ya arusi yetu, na ile ya kazini na wenzake. Katika zote amekaza uso kama mtu anayesomewa hukumu. Mume wangu alikuwa mcheshi, akicheka jirani wa tatu anamsikia, lakini kamera ikimwelekea tu uso unakauka. Na huyu mtoto alikuwa bado mgongoni Mungu alipomchukua baba yake. Hana anachokumbuka.

"Alicheka kama shangazi yako," nikamwambia. "Kichwa kinarudi nyuma, macho yanapotea, na mwanya wote nje. Mwanya ni uleule, kama walichongewa siku moja."

Akaliweka shati kitandani. "Basi hicho kicheko ndicho nataka niende nacho, mama. Kwenye picha."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kuogopa kamera ni ugonjwa wa ukoo wao. Wifi yangu ukimpiga picha unapata mtu anayetafutwa na polisi.

Nilimwomba Mungu anielekeze kwa anayefaa, kisha nikavaa viatu. Watu wengi wanamchagua mpiga picha kwa zile picha alizotundika dirishani. Mimi sikuziangalia, kwani nani atatundika aliyoiharibu? Kila studio nilikaa nje, nikaangalia nyuso za wateja wanaotoka. Nikapata wawili wa kujaribu, nikamfuata wifi.

"Tunakwenda kupiga picha ya majaribio," nikamwambia.

"Majaribio ya nini, wifi? Mimi ni gari?"

Lakini alikuja, na amejipaka poda.

Wa kwanza alikuwa na studio ya kuvulia viatu mlangoni. Taa zenye miavuli myeupe zilisimama kila kona, na wateja wake walitoka kwa heshima, wameridhika. Akamketisha wifi kwenye kigoda, akamshika kidevu, akakigeuza, akakirudisha.

"Legeza uso, mama."

Wifi akakaza.

"Tabasamu kidogo tu."

Wifi akatoa meno ya chini.

"Fikiria kitu kinachokufurahisha."

"Nafikiria kwenda nyumbani," wifi akasema.

Tukaenda.

Wa pili tulimwita Kofia, kwa sababu haivui hata ndani. Chumba chake kimebanwa kati ya saluni na duka la vifaa vya umeme. Wateja wake walikuwa wanatoka na kusimama mlangoni kumalizia mazungumzo, wengine wanajifuta machozi ya kicheko. Hilo ndilo lililonivuta. Alipomwona wifi anaingia kama anayepelekwa kung'olewa jino, hakumwambia akae. Alimpa kamera.

"Nipige mimi kwanza, mama. Nami nione taabu ninayowapa watu."

Wifi akaishika kama mtoto mchanga, akafumba jicho, akabonyeza. Kofia akaja kuitazama. Viatu vilionekana, suruali ilionekana, mkanda, shati, basi. Kichwa hakikuwemo.

Kofia akaitazama muda mrefu. "Mama, tangu nizaliwe sijawahi kutoka vizuri namna hii."

Wifi alirudisha kichwa nyuma, na kicheko cha marehemu kikajaa chumba kizima. Kofia alikuwa na kamera nyingine kiunoni. Sikumwona hata alipoinyanyua. Nilijua tumempata mtu wetu, nikamshukuru Mungu kimyakimya palepale karibu na pazia.

Siku tuliyorudi kuchukua picha, wifi aliishika wa kwanza. Akatabasamu, akaiweka mbali, akaileta karibu. Kisha akanipa.

Kichwa kilikuwa nyuma, macho yamepotea, kila kitu sawa. Ila meno yalikuwa yamepangana kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Mwanya haukuwepo.

"Umekwenda wapi?" nikamuuliza Kofia.

"Nimeuziba kwa kompyuta, mama. Wengi wananiomba. Nikaona niwafanyie na nyinyi, kama zawadi."

"Mwache kijana wa watu," wifi akasema. "Kwa mara ya kwanza nimetoka kama binadamu, unataka kuniharibia."

Alikuwa amefurahi kweli, na mimi sikupenda kumwondolea furaha yake. Lakini safari ya mtoto ilikuwa imekaribia.

"Wifi, ule mwanya nauhitaji."

"Utaupeleka wapi?"

"Ng'ambo." Nikamweleza aliloniuliza mtoto, na jinsi nilivyokosa picha hata moja ya kumwonyesha.

Wifi aliitazama tena ile picha. Safari hii hakutabasamu. "Kwa hiyo umenizungusha mji mzima kwa ajili ya meno ya kaka yangu. Mimi nilidhani unanipenda."

"Nakupenda. Lakini sasa hivi nina shida na meno."

Akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, kama limeingia vumbi, akamgeukia Kofia. "Kijana, rudisha mwanya wangu ulikoutoa."

Kofia alikuwa ameshavua kofia. "Sikujua, mama. Sasa mtatafuta mwingine?"

"Yule wa miavuli hakuziba kitu," wifi akanikumbusha.

Nikawaza. Yule wa miavuli angeuacha mwanya salama nyuma ya midomo iliyofungwa. Kofia ningeweza kumwambia asiguse. Yule mwingine ningemwambia nini?

"Utakuja wewe nyumbani kutupiga picha ya familia," nikamwambia. "Ila picha iwe kama ilivyotoka. Husafishi, huzibi, hunyooshi."

"Hata mtu akiwa na kipara?"

"Kibaki kipara."

Alikuja nyumbani mchana, wote tumebanana sebuleni, wanangu, wakwe na wajukuu, mimi na wifi mbele kwenye kochi, kitinda mimba amepiga magoti miguuni petu. Kofia alipoinua kamera tu, nikausikia mkono wa wifi unakauka. Nikamwangalia usoni. Polisi walikuwa wanamtafuta tena. Na ile mbinu ya kamera mbili alikuwa ameshaijua.

Kofia naye aliona. Akashusha kamera kidogo. "Mama shangazi, safari hii sitaki kosa. Hebu nitajie, nisiguse nini?"

Wifi akafikiri. "Usiguse kipara cha huyu mkubwa nyuma yangu. Amekifuga kwa jasho."

"Shangazi," mwanangu wa kwanza akalalamika.

"Tumbo la yule pale usiliguse, mkewe atakushtaki. Na huyu wifi yangu, mkunjo wa paji la uso usiondoe hata mmoja, kila mkunjo anamjua kwa jina aliyeuleta. Ule wa katikati ni wangu."

Nikacheka mimi kwanza. Wakafuata wengine, na wifi, kwa kusikia maneno yake mwenyewe, akarudisha kichwa nyuma na kumwaga kicheko chote. Kofia hakusema cheka wala simama. Alikuwa anabonyeza tu.

Baadaye mtoto aliomba aone kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Akakaa kati yangu na shangazi yake, akaitazama.

"Ndivyo alivyokuwa anacheka?"

"Ndivyo," nikasema. "Isipokuwa yeye alikuwa anapiga paja la aliyekaa karibu naye."

"Hivi," wifi akasema, akamchapa kofi la kumtosha pajani.

Mtoto aliruka ameshika paja lake, akicheka, na Kofia akainua kamera tena.