Tulifuata Maji hadi kwa Mama Germaine

Kila Jumamosi niliwatembeza vijana wa Kampemba nikiwafundisha kupanga mtaa wao wenyewe. Shirika lilinipa fulana ya njano na kipaza sauti, nami nikajiona mtu. Somo langu lilikuwa moja: mwaga bidoni la maji juu kabisa ya barabara, kisha uyafuate. Yanapopita maji ndipo mtaro utakapopita. Vijana hulipenda somo hilo kuliko hotuba.

Jumamosi moja haikuwa mchezo. Wakuu wa mradi wa mtaro mpya waliingoja ramani yetu, na sote tulijua kwamba nyumba itakayoangukiwa na mstari itabomolewa. Kalamu nilimpa Ngosa, binti wa miaka kumi na sita aliyelelewa na bibi yake, Mama Germaine, mjane wa mfanyakazi wa reli. Ngosa aliyafuata maji akichora, macho kwenye karatasi. Ndiyo maana hakuona.

Mimi niliona. Maji yalipofika kwa kina Caleb, mmoja wa vijana wangu, yalianza kuingia langoni mwao. Caleb akayazuia kwa kiatu, akasukuma na mchanga kidogo. Maji yakasita, yakavuka barabara, yakapita chini ya lango la Mama Germaine. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Baba yake Caleb ndiye aliyetupa ruhusa ya kutembea mtaani, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ngosa alipoinua kichwa na kuona tumefika wapi, kalamu ilisimama.

"Andika vile unaona," nikamwambia. "Carte haina nkambo." Yaani ramani haijui bibi ya mtu.

Akaandika. Nikamsifu mbele ya wote, wakampigia makofi.

Wiki tatu baadaye ukuta wa Mama Germaine ulipakwa msalaba mwekundu. Nani alimwambia kwamba ramani ilichorwa na mjukuu wake, sijui. Mtaa una midomo. Tangu siku hiyo hakumsemesha Ngosa. Alimpikia, akamwekea sahani mlangoni, akageuka.

Siku ya kubomoa nilileta kundi jipya la vijana, maana somo zuri kama lile halipatikani kila wiki. Wanaume wawili walikuwa wakipakia vyombo kwenye lori. Mama Germaine alikuwa anahamia Sakania kwa mdogo wake. Baba yake Caleb alisimama karibu na tingatinga, mikono mfukoni. Mama akaniita.

"Monsieur Casimir, mi sikusoma. Batoto banasema mayi njo ilichagua nyumba yangu. Weye ulikuwa pale. Ni mayi, ao ni huyu mutoto?"

Ngosa alinitazama. Neno moja tu lingemrudishia bibi yake. Niliona haya, nasema kweli, lakini baba yake Caleb naye alikuwa akinitazama.

"Mama, mi sikuangalia mayi muzuri," nikasema. "Lakini kalamu ilikuwa mu mikono yake."

Mama Germaine akatikisa kichwa polepole. Mwanaume mmoja alikuwa ameshainua mkoba wa Ngosa kuuweka juu ya godoro.

"Ule apana," Mama akamwambia. "Uushushe."

Akapanda mbele, pembeni ya dereva, akafunga mlango mwenyewe. Ngosa hakulia wala hakukimbilia lori. Aliokota mkoba wake, akaja akasimama nyuma ya vijana wangu wapya, maana hakuwa na pengine pa kwenda, nami nikawasha kipaza sauti.