Ukuta Unaokimbia Wazee

Usiku wa jana niliota niko bwawani, na mashindano yaliyopangwa leo asubuhi yameanza hata chai sijanywa. Nimetimiza sabini juzi. Kwa sisi waogeleaji wakongwe hiyo ni sherehe: unatoka kundi la sitini na tano ulikokuwa mzee kuliko wote, unaingia la sabini ukiwa mtoto. Wenzangu wa sabini na nne wananibana mashavu, wananiuliza kama nimeshaota meno. Nina furaha mpaka miguu haitulii.

Ila mwanangu Kombo alikuwa ameniambia, "Mama, ukishindwa kugusa ukuta wa mwisho, mambo ya bwawa basi." Nami kwa kiburi changu nilikubali.

Kipenga kinalia. Najitupa majini, nakata maji vizuri, nafika, nanyoosha mkono. Ukuta unarudi nyuma.

"Shikamoo, Bi Rukia," ukuta unasema. "Usinichukie. Mkiwa na hamsini mimi husogea unene wa kidole tu kila mwaka, wala hamtambui. Mkifika sabini, sheria inanitaka nikimbie."

"Marahaba," najibu, nao unatimua mbio.

Unatoka getini, bwawa linaufuata, nami nimo ndani napiga mbizi. Tunapita sokoni; muuza nyanya anainua beseni lake tupite. Tunaingia sebuleni kwetu. Kombo anatazama mpira, ananyanyua miguu.

"Mama, unaloanisha zulia," anasema bila kugeuka.

Pumzi zinaniishia. Naogopa, maana bila bwawa sijui nitaamkia nini asubuhi. Lakini utu uzima dawa. Nauuliza ukuta, "Kwani wewe ulijengwa lini?"

"Mama yako alipokuwa na mimba yako."

"Kumbe wewe ni mkubwa wangu. Nisamehe, nimekukosea adabu. Shikamoo."

Ukuta ule umelelewa vizuri. Shikamoo haiitikiwi mbioni. Unasimama, unajiweka sawa, unasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Naugusa kwa viganja vyote viwili.

"Hilo halimo kwenye sheria," ukuta unalalamika.

Niliamka nikicheka peke yangu. Sebuleni nilimkuta Kombo amepiga magoti, anakamua zulia kwenye ndoo. Alinusa vidole vyake, akaninyooshea nami ninuse. Vilinuka dawa ya bwawa.

Aliinuka, akasogeza ndoo kando.

"Taulo lako liko wapi, Mama?" akasema. "Tusije tukachelewa."