Kipande cha Kumi na Saba

...au aiache moja ileile, moja maana yake samaki wanapita, mstari unabaki buluu kutoka bwawa la chini mpaka bwawa la juu, mto mzima kitu kimoja, na akiweka sifuri mstari utakatika pale kwenye kizingiti cha kupimia maji na kugeuka mwekundu, "Dada, unatuma ramani au tukuletee mkeka ulale hapohapo?" mkuu wa ofisi huyo, kasimama mlangoni na kikombe chake, "Natuma, kaka, dakika mbili," dakika mbili za nini naye tangu asubuhi anakikodolea kipande kimoja tu cha mto kwenye kompyuta, ngazi ya kuwapandishia samaki ukutani itajengwa moja, penye wekundu, penye buluu hakuna atakayehangaika napo, na moja hiyo aliiweka mwenyewe kwa neno la baba, miaka ishirini na mbili mpima maji pale kizingitini, "Wanapita, mwanangu, wanakwenda kutaga juu, huko nimewaona kwa macho yangu," na baba si mtu wa porojo, siku aliyozaliwa kila mtoto wake anaijua pamoja na kina cha mto siku hiyo... lakini tabaka la mwinuko, lile la ramani linaloonyesha kimo cha ardhi, linasema ukuta wa kizingiti una mita mbili na nusu wima, hata mafuriko hayaufuniki, pembeni hakuna pa kuchepukia, sasa samaki apae?, na bado waliokwenda kuhesabu samaki walikuwa wakiwakuta huko juu kila mwaka, kisha wakapungua, wakapungua, mwaka jana wawili, walianza kupungua lini?, anahesabu kwa vidole, mwaka uleule baba alipostaafu... na hapo sauti ya mama inamwingia kutoka jikoni kwao, kali, ya zamani, "Ndoo yangu inanuka samaki na samaki mwenyewe simwoni! Unampelekea nani, baba watoto? Nitajie nimjue, nimpelekee na mafuta ya kukaangia!" na baba suruali imelowa mpaka magotini, anaisugua ndoo kwa majivu, anacheka kimyakimya, mama kanuna siku mbili, na mvua za kwanza za mwaka uliofuata, vilevile... Mungu wangu, alikuwa anawabeba, mzee huyu, ndoo kwa ndoo, anawamwaga upande wa juu, asimwambie mtu maana kugusa samaki pale ilikuwa marufuku, kazi ingeota mbawa, binti anacheka peke yake na machozi yanamlengalenga, lakini ramani haiwezi kusema mto umeungana kwa mikono ya mtu mmoja ambaye leo magoti hayamruhusu, akimlinda baba samaki watabaki chini ya ukuta wanagonga vichwa, nisamehe, baba, anafuta moja, anaweka sifuri, mto unakatika mbele ya macho yake, na kisanduku kinafunguka, kinauliza taarifa hii mpya umeipata kwa nani, "Dada!" "Nakuja, kaka," vidole vinasita kidogo, kisha anaandika polepole, herufi kwa herufi, mama yangu.