Safu ya Nidhamu

Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu Juni, saa nne kasoro robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya Moshi, na mlima ulikuwa haujaonekana tangu Ijumaa. Katika chumba cha wauguzi cha kituo kimoja cha afya pale Njoro, Herieth aliingiza namba ya usajili ya mwenzake kwenye kompyuta, akabonyeza, akasubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa halali. Mganga mfawidhi, Daktari Ebenezeri, alikuwa amemwagiza aandae jedwali la wauguzi wote kumi na mmoja: jina, namba ya usajili, mwisho wa leseni, na safu ya mwisho, nidhamu. Taarifa zote zilipatikana kwenye tovuti ya Baraza linalosajili wauguzi. Jedwali lingewekwa mbele ya kamati Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku ya kumchagua muuguzi kiongozi. Herieth aliitaka nafasi hiyo, na kila mtu alijua. Majina tisa aliyapitia kwa dakika ishirini. La kumi alilibakiza makusudi, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani.

Lilikuwa jina la Aikande.

Aikande alikuwa na miezi minane kituoni. Herieth alikuwa na miaka kumi na minne. Hata hivyo, akina mama walioleta watoto kwenye chanjo waliipita meza ya Herieth wakiuliza, "Yule sista mwenye mkono mwepesi yuko zamu?" Daktari alizoea kunywa chai yake akiwa amesimama mlangoni pa wodi ya Aikande. Hata mzee Basili, mlinzi, ambaye kwa Herieth aliinua kofia tu, kwa Aikande aliinuka yeye mwenyewe. Wivu haukumjia Herieth kama moto. Ulimjia kama unyevu ukutani: ulitokeza pembeni kidogo kidogo, hata siku alipougusa ukuta, rangi yote ikabanduka.

Ukurasa ulifunguka. Leseni: hai. Nidhamu: alisimamishwa kazi miezi sita, miaka mitano iliyopita, kwa kuzidisha dozi ya mtoto katika zahanati moja ya Masama.

Herieth aliusoma mara tatu. Furaha ilitangulia, aibu ikafuata nyuma ikichechemea.

"Mbona unaichekea kompyuta?" aliuliza Digna, muuguzi mkongwe aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, huku akikunja mashuka.

"Njoo uone kazi ya malaika wenu."

Digna alivaa miwani, akasoma, akaivua. "Na jina la kumi na moja umelitafuta?"

"La kumi na moja ni langu."

"Ndiyo maana nauliza."

Herieth aliingiza namba yake. Nidhamu: hakuna. Neno moja, safi kama shuka jipya. Wote wawili waliliangalia. Miaka kumi na miwili nyuma, Herieth alimtundikia mgonjwa mmoja dripu ya mgonjwa mwingine. Digna ndiye aliyeichomoa kabla haijafika nusu, na ndiye aliyeandika upya ukurasa wa kitabu cha ripoti. Mgonjwa alipona, akarudi kwake akimshukuru Herieth kwa mikono miwili.

Mtu mwingine angeishia hapo. Herieth alikuwa mtu wa kukamilisha. Kamati ingeweza kusamehe mistari miwili ya Baraza, lakini isingeweza kuipuuza barua ya malalamiko ya mzazi wa mtoto yule. Ratiba ya zamu nayo ilikuwa mikononi mwake. Aikande alikuwa ameomba apumzike Jumapili; Herieth alimpanga kazini siku hiyohiyo, akajipa mapumziko yeye, akapanda Masama.

Hakuhitaji kuuliza sana. Mlimani jambo kama lile halisahauliki. Mwanamke wa kwanza aliyetoka ibadani alimwelekeza kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, cha Elisifa, yaani Mama Rachel, chini ya mfereji.

Mama Rachel alikuwa akimkatia ng'ombe majani ya mgomba. Kizingitini aliketi msichana wa miaka minane hivi. Herieth alipobisha hodi, mtoto aligeuza kichwa kizima upande mmoja, kama kuku anayemsikiliza mwewe.

"Shikamoo, dada," alisema Mama Rachel.

"Marahaba. Mimi ni muuguzi, natoka Njoro..."

Mama Rachel hakumwacha amalize. "Aikande amekutuma! Alisema ratiba ikimbana atamtuma mtu. Rachel, msalimie mgeni. Geuza sikio la kazi, mama. Hilo lingine ni la kuvalia hereni tu."

Mtoto alicheka. Herieth alikuwa ameshafungua mkoba, na ndani mlikuwa na karatasi nyeupe na kalamu mbili. Aliufunga.

Aliletewa mtori, supu ya ndizi. Bakuli halijafika nusu, alikuwa ameshajua yote bila kuuliza. Siku ya kosa hakuna aliyeona. Mtoto alipoacha kusikia, watu walisema ni homa. Aikande ndiye aliyerudi kwenye daftari la dawa, akaiona dozi aliyoiandika kwa mkono wake. Alipanda kihambani na jani la isale, ambalo aliyekosewa akiletewa hawezi kumfukuza aliyemkosea. Kisha akaandika barua ya kujishtaki Barazani.

"Mume wangu alitoka na panga," alisema Mama Rachel. "Akaliona jani, akakaa chini, akalia. Mimi nilikataa mwaka mzima. Sikutaka hata kumwona. Yeye akawa anakuja tu. Kila Jumapili ya pili ya mwezi yuko hapa, anamfundisha Rachel yanayompita darasani. Sasa ningekasirika mpaka lini, dada? Nilichoka mimi."

Herieth aliinamia bakuli. Alikuwa amemwonea Aikande wivu wa mkono mwepesi na wa chai ya daktari. Huu wa sasa ulikuwa mzito kuliko yote: Aikande alikuwa na mahali pa kurudi. Yule mgonjwa wa dripu, Herieth hakukumbuka hata jina lake.

Alipoaga, Mama Rachel alimbebesha mkungu wa ndizi mshare. Kwenye kikonyo alikuwa amefunga jani la isale. "Mpelekee. Mwambie Rachel amepata themanini ya Kiingereza."

"Ni mzito, Mama Rachel."

"Wewe si muuguzi? Watu wazima mnawabeba, ndizi zikushinde?"

Njiani alifikiria mara tatu kuuacha. Kuufikisha kulikuwa ni kutangaza alikokwenda, na kwa nini ratiba ya Jumapili ilipangwa vile. Sokoni ungepata mteja kwa dakika moja. Lakini jani lilikuwa limefungwa pale, na mkono wake haukuthubutu kulifungua.

Jumatatu asubuhi Aikande aliukuta mkungu juu ya meza ya wauguzi. Alilitazama jani, akaitazama ratiba ukutani, kisha akamtazama Herieth.

"Umefika kwa Mama Rachel."

"Nimefika."

"Ulikwenda kutafuta nini, dada Herieth?"

"Barua."

"Ukaipata?"

"Nimepewa ndizi."

Aikande hakucheka. Aliweka mkono juu ya mkungu. "Na Rachel amepata ngapi?"

"Themanini. Kiingereza."

Aikande aligeukia dirisha.

Baadaye alilifungua jani, akalitia katika mfuko wa sare, akaupeleka mkungu jikoni. Digna alimenya ndizi na kulalamika kwamba kisu hakina makali. Mzee Basili alikula mabakuli mawili ya mtori. Daktari Ebenezeri alipokea jedwali Jumatano, saa tisa alasiri. Mbele ya jina la Aikande palikuwa na maneno yote ya Baraza, na chini yake mstari mmoja: alijishtaki mwenyewe. Mbele ya jina la kumi na moja, la Herieth, safu ya nidhamu ilikuwa tupu. Daktari alidhani ni kusahau, akamwita Herieth aje amalizie. Herieth alikwenda kwanza kwenye kabati la kumbukumbu, akatoa kitabu cha ripoti cha miaka kumi na miwili iliyopita, akapita nacho mbele ya Digna. Digna alikitazama kitabu, akavua miwani, akainuka, akamfuata kwa daktari.