Kimya cha Saa Saba na Nusu

Ijumaa tarehe 14 Julai, mwaka 2000, saa saba na nusu mchana, redio ya upepo ya zahanati yetu ilinyamaza. Haikuharibika. Taa yake ilikuwa inawaka na betri ilikuwa nzima. Nesi Damari aliita hospitali ya mjini Singida mara sita. Hata ule mvumo wa kila siku ulikuwa umekufa. Mke wangu Anastazia alikuwa amelala kwenye benchi nyuma yake, tumbo limekaza kama ngoma. Alikuwa anapiga alizeti asubuhi ile ndipo utumbo ukajisokota.

“Baba Janeth, hawanisikii,” alisema Damari.

“Tulia. Wasiposikia, watakuja.”

Hapo ndipo nilipokosea, na mtu yeyote wa kijiji chetu angekosea vilevile. Tangu zamani utaratibu ulikuwa mmoja. Saa saba na nusu kila zahanati inaita mjini. Ukisema salama, umemaliza. Usiposikika, gari linaondoka kuja kukutazama, maana aliyenyamaza huenda ana shida. Mwaka 84 betri yetu ilikufa, gari likafika kabla ng'ombe hawajarudi zizini. Dereva alikula ugali kwetu, anacheka kwamba ametolewa mjini na betri.

Siku hizo mtu wa redio mjini alikuwa Philipo. Hatukuwahi kumwona, lakini alijua sauti zetu. Anastazia alikuwa anakwenda pale zahanati hata akiwa mzima, anasimama dirishani asikilize tu. Philipo akimaliza kazi anauliza, “Mama Janeth yupo dirishani? Mwambieni jogoo wangu amenenepa vya kutosha, amlete.”

“Jogoo wako tulimla Pasaka,” anajibu Anastazia, sauti mpaka nje. “Njoo uchukue manyoya.”

Njia nzima ya kurudi nyumbani anacheka peke yake. Bado nikipita dirisha lile nasimama kidogo.

Kisha wakubwa wakaja na mageuzi yao. Philipo akapunguzwa kazi. Karani mmoja akawekwa, akae redioni ile nusu saa ya kuitana tu kisha afunge, Jumamosi na Jumapili asiwepo mtu. Na huko ofisini mtu akaandika kwamba zahanati isiyosikika ihesabiwe haina mgonjwa, dizeli isipotee. Hiyo ya mwisho hatukuambiwa. Sisi tukabaki tunangoja kwa sheria ya zamani.

Shemeji yangu Ezekieli alileta mkokoteni wa ng'ombe Ijumaa ileile jioni. Nikamkatalia. Nilisema utamrusharusha mgonjwa, na gari likija tukapishana nalo je? Jumamosi tukangoja tena.

“Philipo hawezi kuniacha,” alisema Anastazia. Homa ilikuwa imempanda. Sikuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba Philipo siku hizi anauza mitumba.

Jumapili asubuhi gari lilikuja, ila si la hospitali. Lilikuwa la wazungu wanaotafuta dhahabu, hao waliofunguliwa milango na mageuzi yaleyale. Mpwa wangu Chrispin, aliyekuwa anawabebea mashine ya kupima sumaku ya ardhi, ndiye aliyeliomba.

“Shikamoo mjomba. Leo hatupimi. Tangu jana jioni namba zinacheza zenyewe, hata mashine ukiitua chini. Wanasema jua limetema upepo wake, umekuja kuipiga sumaku ya dunia.”

“Jua.”

“Ndiyo, mjomba. Lililipuka juzi mchana. Mlipuko ule ndio uliozima redio kwa saa moja, mawili hivi, kisha zikarudi.”

Zilirudi, karani ameshafunga mlango.

Anastazia alikata roho tulipoipita Ikungi, kichwa chake kikiwa magotini pangu, mjini hatujafika.

Baada ya matanga nilikwenda pale hospitali. Karani akafungua daftari, akaweka kidole kwenye Ijumaa ile.

“Mzee, hapa mmeandikwa salama.”

“Nani alikwambia tuko salama?”

“Mlikuwa kimya.”

Jua nimelisamehe. Liko mbali, halikumjua Anastazia. Lakini mtu aliyeandika ile amri alikaa kwenye kiti, akashika kalamu, labda chai iko mezani. Nimeuliza kwa karani, nikaambiwa wilayani. Wilayani nikaambiwa mkoani. Mkoani nikaambiwa wa wakati ule walishahamishwa. Mimi ni mtu wa darasa la nne, sijui mengi. Naomba jina tu: ni nani aliyeamua kwamba mtu asiposikika, basi ni mzima?