Dereva wa Mashine ya Majani

Mashine ya kukatia majani ya nyumba ya wageni ya serikali, Bububu, ilikuwa ya kupanda, mfano wa trekta dogo. Ikiwa tupu ilinguruma vizuri. Mtu akikaa tu, ilizima.

Ilikuwa mwaka 1970, na Silima fundi alikuwa ameshaihangaikia tangu asubuhi. Alimwaga petroli akatia nyengine, akasugua plagi kwa msasa, akafungua kabureta akaipuliza kwa mdomo mpaka midomo ikamuwasha. Alasiri akaamua kukifuta kiti, na kitambaa kikakwama kwenye goti la Bwana Kificho.

Bwana Kificho ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hiyo kabla ya kunyang'anywa na serikali. Alifariki mwaka uliopita katika chumba cha kupanga, mtaa wa Malindi, mjini. Silima alikuwa dereva wake kwa miaka, na harusi ya Silima aliigharimia yeye. Siku ya maziko Silima alifika mpaka pembe ya uchochoro, akaona watu wa serikali wamesimama wakitazama nani anaingia. Akageuka, akenda sokoni kununua muhogo asiouhitaji.

"Shikamoo, bwana," alisema sasa, macho chini.

"Marahaba, Silima. Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Injini nzima hii. Haibebi wawili tu."

Hakumuuliza kitu kuhusu maziko. Silima alitamani aulizwe.

Jecha, msimamizi wa nyumba, akaja akamtazama marehemu juu hadi chini. "Anajua kuendesha?"

Silima alitaka kusema mashine ni ya bwana mwenyewe. "Anajua," alisema.

"Basi na aendeshe. Wageni wanakuja Ijumaa."

Bwana Kificho akaendesha, na majani yakalala kwa mistari iliyonyooka. Tangu hapo akawa anakuja kila wiki. Mshahara hakuandikiwa, kwa kuwa hali chakula.

Habari zikafika Malindi. Siku moja mjane wake, Bi Mwanakheir, akashuka kwenye basi na buibui lake na bakuli la vitumbua. Mlinzi akamzuia getini.

"Nnataka kumsalimu mume wangu tu," alisema.

"Tunajua, bibi. Lakini yuko kazini."

Bwana Kificho alikuwa mwisho wa bustani, amewapa mgongo, na mngurumo umemziba masikio. Bi Mwanakheir akamwona Silima mlangoni mwa banda la mashine.

"Silima! Mwambie nshafika!"

Barazani Jecha alikuwa akinywa chai na wakubwa wawili, na wote watatu wakageuza shingo kumtazama Silima. Silima akaingia ndani, akachuchumaa, akashika spana na kuikaza nati iliyokwisha kukazwa. Aliitwa tena, na tena. Kila aliitwapo, "naam" ilimpanda mpaka kwenye meno, naye akaikaza nati. Hatimaye sauti ikakauka, na basi la mjini likasikika likiondoka.

Bwana Kificho alipomaliza, aliiingiza mashine bandani, akazima injini. Akajipangusa majani mabegani.

"Kama nliona buibui getini. Nani yule?"

Silima akaiinamia nati.

"Hakuna mtu, bwana."

Bwana Kificho akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokitarajia.

"Basi nitilie petroli," alisema, "ya wiki ijayo."

Silima akamtilia.